Kwa Mwalimu Mpya wa Taaluma

Mwanangu, nimesikia wamekukabidhi ofisi ya taaluma. Hongera, na pole pia. Kabati la chuma utakalolirithi lina vumbi, lakini ndani yake mna habari za watoto ambazo hata wazazi wao hawazijui: rejesta za mahudhurio, alama za majaribio, matokeo ya upimaji wa kidato cha pili, fomu za usajili wa mtihani. Wengi waliotutangulia walidhani kazi ni kuzitunza. Kazi ni kuzisoma mtoto akiwa bado yuko mbele yako.

Kitu cha kwanza utakachodaiwa ni mkeka: nani wa kwanza, nani wa mwisho, ubandikwe ukutani siku ya kufunga shule. Baraza la Mitihani la Tanzania lenyewe liliacha kutangaza shule kumi bora Januari 2023, ila shule zetu bado hazijaachana na tabia hiyo. Kumwambia mtoto kwamba ni wa 47 hakumwonyeshi cha kufanya kesho asubuhi. Wewe chukua jina moja, ufuate mstari wake somo kwa somo.

Tuseme una binti wa kidato cha nne anayetaka unesi. Kwenye mock amepata B ya Kiswahili, D ya Baiolojia, D ya Kemia, na Fizikia ana 27. Kwa nafasi yuko katikati ya darasa, kwa hiyo hakuna anayeshtuka. Lakini D inaanzia 30, na vyuo vya uuguzi ngazi ya diploma vinataka awe amefaulu Fizikia pamoja na Baiolojia na Kemia. Alama tatu tu ndizo zinazomzuia asiingie wodini. Mwalimu aliyeziona mwezi wa saba anao muda wa kukaa naye mpaka Novemba. Anayeziona Januari, matokeo yakishatoka, amebaki na kutoa pole.

Tena mara nyingi shauri huharibika mapema zaidi, kidato cha pili kinapoisha na watoto wanachagua michepuo. Wengi hukimbia Fizikia na Kemia kwa sababu rafiki kakimbia, au mwalimu wa somo ni mkali, au hakuwepo kabisa mwaka mzima. Mtoto wa miaka 15 anaacha masomo mawili kwa kalamu moja, na hakuna aliyemwambia kwamba ameaga uuguzi, famasia na maabara siku hiyohiyo. Mwite mmoja mmoja, matokeo yake yakiwa mezani, umuulize anataka kufanya kazi gani kabla hajaandika chochote.

Halafu majina. Utaona ni jambo dogo la karani, lakini nimeona vijana wakihangaika nalo kuliko Hisabati. Jina lililoandikwa kwenye usajili wa mtihani ndilo linalotoka kwenye cheti. Akiwa Mwajuma shuleni na Mwanajuma kwenye cheti cha kuzaliwa, atakuja kukwama siku ya kuomba mkopo, maana Bodi ya Mikopo inataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa usajili wa vizazi. Hapo ndipo safari za kwenda kuapa kwa wakili zinapoanza, na nauli haipo. Linganisha herufi kwa herufi wakati wa usajili, mzazi akiwepo.

Wakishamaliza, usiwafute. Weka daftari lenye namba za simu za nyumbani kwao. Baada ya matokeo TAMISEMI hufungua dirisha la kubadilisha machaguo ya tahasusi na vyuo, na kijana aliyerudi kijijini bila bando hana habari. Simu yako moja yaweza kumpeleka kidato cha tano au chuoni.

Kuna mtu atakuja kukushauri utumie alama hizihizi kuwachuja wadhaifu ili wastani wa shule upande. Kataa, hata akiwa mkubwa wako. Wala usipige picha orodha ya matokeo ukairusha kwenye kundi la WhatsApp la wazazi; Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inafanya kazi tangu Mei 2023, na aibu ya mtoto ilikuwepo kabla ya sheria.

Usidhani haya ni ya kwetu tu. Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago walionyesha kwamba mwanafunzi aliyemaliza vizuri mwaka wa kwanza wa sekondari alikuwa na nafasi zaidi ya mara tatu ya kuhitimu kwa wakati kuliko mwenzake aliyeyumba. Katika utafiti wao uliofuata, kilichowaambia mengi kuhusu nani atafeli mwaka huo ni mahudhurio, kuliko hata alama za mtihani alizotoka nazo shule ya msingi. Baadaye walimu wa huko wakaanza kuwafuatilia wanaoyumba mwaka huohuo wa kwanza. Hilo halihitaji kompyuta.

Basi Jumatatu, kabla ya kengele ya kwanza, fungua rejesta ya kidato cha kwanza. Andika pembeni majina ya waliokosa siku tatu mfululizo, na kabla ya saa nne uwe umewapigia wazazi wao.