Nilimpa Njaa, Sikumpa Akili

Nilipokuwa darasa la sita, mwalimu alinipanga kwenye ngonjera ya siku ya wazazi. Mada ilikuwa elimu ya mtoto wa kike, nami niliigiza baba asiyetaka binti yake asome. Mpinzani wangu alipewa beti sita. Mimi nilipewa nne, na wa mwisho ulikuwa wa kuomba radhi. Mgeni rasmi alisimama kupiga makofi, tukapewa soda.

Miaka mingi baadaye ndipo nilipojiuliza: kama baba wa namna hiyo alikuwa amekaa pale benchi la nyuma, alijisikia amejibiwa? Au alijiona amekejeliwa, akacheka na wenzake, akarudi nyumbani na msimamo wake uleule?

Ngonjera zetu za shule zina asili yake. Baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967, washairi waliombwa kuieleza siasa mpya kwa wananchi, na Mathias Mnyampala akawa jina kubwa la utanzu huo. Vitabu vyake vya Ngonjera za UKUTA vilitoka baada ya yeye kufariki mwaka 1969. Pande mbili zinajibizana: mmoja hajui, mwingine anajua, na mwishoni asiyejua anaelewa. Kwa kufundisha, umbo hilo linafaa. Kwa kutafuta ukweli lina kasoro moja: mshindi anajulikana kabla ya ubeti wa kwanza.

Kasoro hiyo niliirudia mwenyewe, mtu mzima, Karema, mwaka 2024.

Karema iko ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, zaidi ya kilomita 100 kutoka Mpanda. Mwaka huo serikali ilitangaza kusimamisha uvuvi ziwani upande wa Tanzania kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, ili samaki wazaliane na kukua. Mimi niliunga mkono. Baba yangu mdogo, anayevua dagaa tangu sijazaliwa, alipinga. Jioni moja, tukiwa tunakula, nilimwambia kwamba wavuvi wanakula mbegu halafu wanashangaa shamba halioti. Alinawa mikono kabla sahani haijaisha, akatoka nje. Ada yangu ya sekondari ililipwa kwa dagaa za huyo mzee. Kwa siku nne hatukuzungumza zaidi ya shikamoo na marahaba.

Kwa kuwa nilishindwa kuongea naye, niliandika. Nilibuni watu wawili, afisa uvuvi na mvuvi, kila mmoja akizungumza na nafsi yake usiku wa kwanza wa katazo. Afisa nilimpa hoja zote nilizozijua. Alisema ziwa lina kina cha karibu mita 1,470, lakini samaki wanaishi tabaka la juu tu, kwa kuwa huko chini hakuna oksijeni. Alisema maji ya juu yanazidi kupata joto, kwa hiyo hayachanganyiki vizuri na ya chini yenye rutuba, na chakula cha samaki kinapungua. Alisema ziwa ni la nchi nne, na kila nchi ikisubiri mwenzake aanze, hakuna atakayeanza.

Mvuvi naye nilimwandika kwa huruma. Niliandika nyavu zilizokunjwa, sufuria tupu, mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa kukosa mchango wa shule. Nilipomaliza machozi yalinilengalenga. Nikajiona mwadilifu: nimemtendea haki mtu ninayepingana naye.

Siku ya tano niliomba radhi, nikamsomea. Mama mdogo alikuwa pembeni akichambua mchele. Baba mdogo alisikiliza mpaka mwisho, akakaa kimya, kisha akasema:

"Mwanangu, huyu mvuvi wako ana njaa tu. Akili umempa afisa."

Mama mdogo akacheka. "Tena analia! Lini umemwona baba yako analia?"

Kisha mzee akanieleza, taratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto kufunga fundo. Kwanza, dagaa huvutwa kwa taa, na taa inahitaji giza. Kila mwezi mbalamwezi inawafungia ziwa siku kadhaa, na wamelikubali katazo hilo tangu enzi za karabai. Pili, akachukua kalenda ukutani: Agosti 15 itaangukia siku nne kabla ya mwezi mpevu. "Wakifungua, sisi wa taa tutakaa tena. Halafu giza la kwanza likiingia, boti zote zinaingia kwa pamoja, na kila mwenye boti ana deni la miezi mitatu. Hapo samaki watapumzika vipi?" Tatu ndiyo iliyoniumiza zaidi. "Huyo afisa wako mwenyewe amesema joto linapunguza samaki. Joto nalo wanalifunga tarehe ngapi?"

Sikuwa na jibu. Nilichokuwa nimeandika kilikuwa ngonjera ileile ya darasa la sita, imevaa nguo za watu wazima. Nilimwondolea mpinzani wangu ubeti wa kuomba radhi, nikampa machozi badala yake. Yote mawili yanamwacha mtu bila hoja.

Nadhani hapa ndipo wengi wetu tunaopenda kuandika tunapojidanganya. Tunasema fasihi inatufundisha kuvaa viatu vya wengine, kisha tunavivaa kwa kuhisi maumivu yao. Maumivu ni rahisi kuyatoa, kwa sababu hayatudai chochote. Ninaweza kukuhurumia na bado nikaamini kwamba hujui unachosema. Hoja yako nikiiandika kwa nguvu zake zote, mimi mwenyewe niko hatarini: huenda nikaimaliza sentensi na kugundua kwamba nimeshindwa.

Ndiyo maana Kinjeketile ya Ebrahim Hussein bado inatusumbua. Mwishoni Kitunda anamtaka Kinjeketile akane maji, na Kinjeketile anakataa. Kila mmoja ana sababu ambayo mtu mwenye akili timamu angeweza kuishikilia. Tuliisoma shuleni tukitafuta nani yuko sahihi ili tujibu mtihani, na tamthilia yenyewe ikakataa kutusaidia.

Utaniuliza: je, kila upande unastahili kupewa akili? Anayeburuta kokoro na kuzoa vifaranga vya samaki naye ana hoja? Ninayo hofu hiyo. Lakini kumwandikia mtu hoja si kumpa ruhusa. Kama nitamkataza, ni heri nijue ninakataza nini hasa, la sivyo nitamfukuza mwaloni na kesho atarudi na sababu ileile ambayo sikuwahi kuisikia.

Niliandika upya. Safari hii mvuvi alianza na kalenda, na afisa akalazimika kumjibu. Kwenye suala la joto nilikwama siku mbili. Mwishowe afisa alisema: joto siwezi kulifunga kutoka hapa, nyavu naweza, na mtu hufunga mlango alio na ufunguo wake. Sikuwa nimelifikiria jibu hilo kabla mvuvi hajanibana. Kwa hiyo bado niliunga mkono katazo, na sababu yangu ikawa na nguvu zaidi. Lakini kuhusu tarehe ya kufungua, afisa wangu alinyamaza, nami nikamwacha anyamaze. Hapo mzee alikuwa amenishinda.

Nilimsomea tena. Alitikisa kichwa. "Huyu sasa ni mimi," alisema. "Na bado mmekosea."

Jioni ya Agosti 15 tulishuka wote mpaka mwaloni. Baadhi ya boti zilikuwa zinasukumwa majini kwa kelele na vicheko. Mwezi ulikuwa juu tayari, mkubwa, umelimwagia ziwa mwanga. Baba mdogo aliutazama, akanitazama, hakusema neno. Akazigusa nyavu zake kwa mguu, akageuka kuelekea nyumbani, nami nikamfuata.