Je, Kimeng'enya Hukosea?

Vimelea vya malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, haviwezi kujitengenezea purini, malighafi ya DNA na ya ATP, molekuli ibebayo nishati ya seli. Huziokota kwenye damu ya mtu au mnyama. Kimeng'enya kiitwacho adenosini kinasi hutoa fosfati moja kwenye ATP na kuipachika kwenye adenosini, mojawapo ya purini hizo, ikawa AMP isiyoweza tena kutoka nje ya seli. Basi ipo dutu iitwayo kordisepini, iliyopungukiwa na atomu moja tu ya oksijeni ikilinganishwa na adenosini. Kinasi huipachika fosfati vilevile, na kimelea hufa. Husemwa kwamba kimeng'enya kimedanganyika. Neno hilo si dogo, maana hadanganyiki ila mwenye jambo la kupatia.

Mpinzani atasema hakuna aliyedanganyika. Atomu zimefuata kanuni zake, basi. Kuhusu molekuli, ni kweli kabisa. Lakini mwaka 2011 watafiti walieleza hali ya watoto waliozaliwa na jeni mbovu ya kimeng'enya hikihiki, ini na ubongo wao vikiathirika. Ndani ya ini hilo hakuna kanuni ya kemia iliyovunjwa, na bado tunasema, kwa haki, kwamba kuna hitilafu. Kosa lipo, ila makazi yake si molekuli. Ni mwili mzima unaojitahidi kuendelea kuishi. Mwanafalsafa Kant, mwaka 1790, aliona kwamba katika kiumbe hai kila sehemu ipo kwa ajili ya nyingine, kisha akalifanya kusudi hilo kuwa namna yetu ya kuhukumu tu. Hapo simfuati. Mtoto yule anaumwa hata asipokuwapo wa kuhukumu.

Wako waumini watakaodaka neno kusudi na kusema: basi yupo aliyekusudia, naye alitutakia heri. Shauku yao naiheshimu, na imani inaweza kuwa na misingi mingine nisiyoigusa hapa. Hatua hii, hata hivyo, haifiki. Kinasi ya kimelea humtumikia muuaji kwa ustadi uleule ambao yetu hututumikia. Ustadi ukiwa ushahidi wa heri, ni heri ya nani? Mgonjwa wa malale, akeshaye usiku na kusinzia mchana, ana mwili wenye kusudi lake, na katika damu yake mna viumbe vyenye kusudi lao, wote wakigombea purini zilezile.