Mnywaji wa maji na mteja wa kichujio

Mwaka 2011, kampuni ya Vestergaard Frandsen yenye makao yake Lausanne, Uswisi, iligawa vichujio vya maji karibu 880,000 katika uliokuwa Mkoa wa Magharibi nchini Kenya, yaani Kakamega, Bungoma, Busia na Vihiga. Kazi hiyo ilichukua wiki chache tu, na hakuna mwananchi aliyetoa hata senti. Kichujio chenyewe kiliitwa LifeStraw Family. Unakitundika ukutani, unamimina maji juu, yanashuka kwa mpira hadi kwenye nyuzi zenye matundu madogo mno kiasi kwamba bakteria hawapiti. Hakitaki umeme wala dawa, na kampuni ilisema kimoja kinachuja lita 18,000. (Wasomaji wa Arusha wasikimbilie: floraidi hakiiondoi, wala chumvi.)

Habari kama hii ukiisikia, neno linalokuja mdomoni ni sadaka. Hata hivyo, kampuni haikudai kuwa ni sadaka, na kwa hilo tuipe haki yake. Ilieleza wazi kuwa imetoa dola zipatazo milioni 30 na inatarajia kuzirudisha pamoja na faida. Sasa msomaji atauliza, faida inatoka wapi katika kitu kilichogawiwa bure?

Inatoka kwenye moshi. Mwanakijiji akichemsha maji kwa kuni, kuni hutoa hewa ukaa. Akipewa kichujio hatachemsha, na ile hewa ukaa haitatoka. Kila tani moja isiyotoka huandikiwa hati, kisha hati hiyo huuzwa kwa makampuni ya nchi tajiri yanayotaka kufidia moshi wa viwanda na ndege zao.

Tatizo ni kwamba wengi katika vijiji vile hawakuwa wakichemsha maji kabisa. Waliyanywa kama yalivyotoka mtoni au kisimani. Kanuni za biashara hiyo ziliruhusu kuhesabu pia moshi ambao wangeutoa iwapo wangekuwa na uwezo wa kuchemsha. Watetezi wake wana hoja: kwa nini mtu aachwe nje ya hesabu kwa kuwa ni fukara hata kuni za kuchemshia hana? Sikatai kuwa kuna huruma ndani ya hoja hiyo. Lakini aliyenunua hati alipewa tani ya moshi uliozuiwa, na sehemu ya moshi huo haikuwahi kuwako duniani. Waliosoma fiqhi ya biashara wanajua ubaya wa kuuza samaki angali majini. Hapa hata samaki mwenyewe ni wa kukadiria.

Hata hivyo, linalonisumbua zaidi ni jambo jingine. Mama wa Kariakoo akinunua chujio la mishumaa likavuja, kesho yake yuko dukani. Atasema na muuzaji, na asiposikilizwa atasema na majirani, na muuzaji anajua hasara ya maneno ya majirani. Haki hiyo ya kulalamika ameinunua kwa fedha zake. Je, yule wa Bungoma aliyepewa bure ana haki gani? Yeye alichotoa ni jina lake na picha yake iliyopigwa kwa simu, iwe ushahidi kwamba amepokea. Kwa lugha kavu, mteja alikuwa Ulaya. Mnywaji alikuwa malighafi.

Kampuni ilikuwa na jibu, tena si jibu la kipuuzi. Ilisema kwamba kwa kuwa inalipwa pale tu vichujio vinapotumika, italazimika kuvitunza, na ikafungua vituo vya matengenezo. Kwa mantiki hiyo faida ya tajiri ingekuwa mlinzi wa maskini. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulikuta kwamba miaka miwili hadi mitatu baada ya kupewa, ni takribani kaya moja tu kati ya tano iliyokuwa ikitumia kichujio chake.

Mtu asije akasema basi tatizo ni fedha ya hewa ukaa, au tatizo ni bure. Nchini Rwanda, mwaka 2014, vichujio vya chapa hiyo hiyo viligawiwa bure kwa kaya zaidi ya 100,000 maskini za Mkoa wa Magharibi wa huko, vikagharimiwa kwa fedha ya namna hiyo hiyo. Safari hii Wizara ya Afya ilikuwa ndani, na waliopita nyumba kwa nyumba kufundisha na kufuatilia ni wahudumu wa afya wa vijiji vile vile, watu wanaokutana na wenye nyumba sokoni na kisimani. Watafiti walipopima, walikuta kuhara kwa watoto wadogo kumepungua. Huko mwenye kichujio kibovu alikuwa na mtu wa kumwambia, tena mtu asiyeweza kumkwepa.

Sayyidna Uthman (R.A.) alipokinunua kisima cha Ruma, Madina, kwa mtu aliyekuwa akiuza maji yake, watu walichota bure. Malipo aliyatarajia kwa Mola wake. Na iwapo watu wanapata maji au hawapati, hilo lilionekana pale pale kwenye mdomo wa kisima.

Miradi ya maji inayolipwa kwa hati za hewa ukaa bado ipo Afrika Mashariki, iwe ya vichujio, iwe ya visima. Viongozi wa mitaa na vijiji, pamoja na kamati zetu za misikiti zinazoombwa kusaidia kukusanya watu, wana haki ya kuuliza kabla ya picha ya kwanza kupigwa: mkataba umeandikwa kwa Kiswahili? Hati zinauzwa kwa bei gani, na kijiji kinapata nini? Mpira ukipasuka mwaka wa nne, mwingine unapatikana duka gani, na nani anaulipia?