Bunduki ya Mjomba

Tumchukue kijana mmoja wa Newala. Ni wa kubuni, ila mwenyeji wa uwanda wa Makonde hatashindwa kumtambua. Mjomba wake amefariki, na kwa desturi ya Wamakonde mpwa ndiye mwenye neno. Marehemu ameacha mikorosho, baiskeli, na bunduki ya mitutu miwili aliyoachiwa na mwindaji wa Kizungu kabla Serikali haijasimamisha uwindaji mwaka 1973. Alikuwa na leseni yake, akiitumia kufukuzia nguruwe pori kwenye mihogo.

Mwenyekiti wa kijiji alimwita mapema. "Mwanangu, leseni ile ilikuwa ya mjomba wako, si ya ukoo. Ipeleke polisi. Ukiitaka, omba kwa jina lako."

"Nimesikia, mzee," akajibu, kisha akaiviringisha kwenye gunia la korosho na kuipandisha darini. Kwenye simu alishaona bunduki kongwe ya Kiingereza ikiuzwa kwa fedha za kujengea nyumba, na chenji ikabaki ya pikipiki.

Aliyoiona ilikuwa Purdey, kazi ya karakana ya London iliyoanza mwaka 1814. Ya mjomba ilitoka Birmingham, mji uliofyatua bunduki za kawaida kwa maelfu. Za majina makubwa bado zina wanaozililia. Hizi za kati ndizo zilizoporomoka, kwa sababu wakusanyaji wake ni wazee, na wakifa watoto wao wanazimwaga mnadani kwa pamoja mbele ya vijana wasiozitaka. Marekani nayo ilikataza marisau ya madini ya risasi katika kuwinda bata mwaka 1991, na Umoja wa Ulaya ukayazuia kwenye maeneo oevu mwaka 2023. Marisau ya chuma yaliyoshika nafasi yake ni magumu mno kwa mitutu mikuukuu. Bunduki isiyopigika basi hubaki pambo, na mapambo yamejaa.

Uwanda huu uliwahi kukaa upande wa pili wa biashara hiyo hiyo. Karne ya 19, majeshi ya Ulaya yalipohamia bunduki za kujazwa nyuma, zile za kushindiliwa mdomoni zilimiminwa Zanzibar, zikapanda bara pamoja na vitambaa na kulipiwa pembe za ndovu na binadamu. Mkataba wa Brussels wa 1890 ukazibana silaha za kisasa na kuyalegezea kamba magumegume ya kushindiliwa. Vilivyotupwa Ulaya vikawa heshima ya wakubwa wa huku, akiwemo Machemba, mkuu wa Wayao aliyewasumbua Wajerumani mpaka 1899 alipovukia Msumbiji. Ulaya ilikuwa na pa kumwagia vyuma vyake vya zamani. Kijana wetu alitaka kuvirudisha kulekule vilikotoka, kwa watu waliokwisha kuvichoka, na bila kibali cha huku wala cha huko.

Dalali wa Masasi aliyempata kumtafutia mnunuzi hakumweleza hayo. "Bosi, mteja yuko Dar. Toa ya kumsafirisha." Akatoa. Fedha hakuwa nazo, hivyo aliuza korosho zikiwa bado maua, kwa kangomba, yaani kimagendo nje ya chama cha msingi, kwa bei ambayo hata mnunuzi aliitaja huku akiangalia pembeni. Mwezi uliofuata mteja alihitaji hoteli. Kisha mtaalamu wa kuithibitisha. Hapo ningemlaumu dalali zaidi kama si kijana mwenyewe aliyekuwa akimpigia simu kila asubuhi.

Jeshi la Polisi limetangaza zaidi ya mara moja muda wa kusalimisha silaha kwa hiari bila kushtakiwa. Tangazo la namna hiyo lilisomwa msikitini na kanisani kijijini kwao. Mama yake, dada wa marehemu, akamwambia, "Baba, kaitoe hiyo kitu." Akaomba wiki moja tu, mteja afike. Muda ukapita, na simu ya dalali haikupatikana tena.

Polisi walipokuja walikwenda moja kwa moja darini. Mtutu mmoja ulikuwa umeliwa na kutu, na kitako kimepasuka. Kwa sheria ya silaha ya 2015 uchakavu hausaidii kitu, kukutwa nayo bila leseni kunatosha, na mashtaka yakafunguliwa kama kesi ya uhujumu uchumi. Ndugu walipokwenda chama cha msingi kuulizia korosho zake ili walipe wakili, waliambiwa zimeshapelekwa ghalani kwa jina la mtu wa kangomba.