Juu ya Kukiharimisha Chakula kwa Dhana

Imekuwa ada, katika migomba ya Marangu na Machame kama katika nyumba za mjini Moshi, kwamba mtu akiugua usiku wa arusi, watu huwa wamekwisha kumtaja mkosaji kabla tumbo lake halijatulia: mmoja husema ni maziwa, mwingine husema ni mbege, pombe ya ndizi, na wa tatu, kwa sauti ya chini, hudokeza kwamba kuna mkono wa mtu, kwani si bure kwamba mwenye pombe, kwa desturi ya wazee wa mlima Kilimanjaro, huonja yeye kwanza ndipo ampe mgeni. Suali langu ni la akili na la dini pia: kwa dalili gani mwanadamu hupata kutamka kwamba chakula fulani ni adui wa mwili wake, akakiharimisha juu ya nafsi yake na, lililo zito zaidi, juu ya mtoto wake?

Imamu Ghazali, katika Tahafut al-Falasifa aliyoimaliza mwaka 1095, aliuliza kama ni moto uiunguzao pamba, au kama sisi twaona tu kuungua kukitokea pamoja na moto, wala hatuioni hiyo sababu yenyewe. Na Ibn Rushd, katika karne iliyofuata, alimjibu kwamba mwenye kuziondoa sababu ameiondoa na akili. Sina haja ya kuwasuluhisha wakubwa hao, wala sidhani wangeikubali suluhu yangu, ila naona kwamba tukiisha kula humsahau Ghazali kabisa: maumivu yamefuata chakula, basi chakula kimekwisha kuhukumiwa.

Mzio wa kweli, ambao Clemens von Pirquet wa Vienna aliubunia jina la kitabibu mwaka 1906, na ambao kingamwili yake kubwa ilivumbuliwa miaka sitini baadaye na Kimishige na Teruko Ishizaka, mume na mke wa Kijapani waliokuwa wakifanya kazi Marekani, ni kosa la kinga ya mwili kuidhania protini ya karanga, yai au samaki kuwa ni maradhi. Huja upesi, aghalabu kabla ya saa mbili kupita. Ngozi hufura, midomo huvimba, pumzi hubana. Na chembe ndogo yaweza kutosha.

Maziwa mara nyingi yana habari nyingine. Mchaga amefuga ng'ombe zizini, akimpandishia majani kutoka tambarare, tangu zamani. Hata hivyo wako watu wazima, pale mlimani na kwingineko, ambao kikombe kimoja cha maziwa mabichi huwajaza tumbo gesi na kuwaharisha, na hali wakila mtindi husalimika, kwa kuwa vijidudu vya mtindi vimekwisha kuila sehemu ya sukari ya maziwa ambayo matumbo yao hayana kimeng'enya cha kutosha kuivunja. Huo ni upungufu, wala haustahili kuitwa maradhi, kwani yapata theluthi mbili za watu wazima duniani wako katika hali hiyo. Na utafiti wa Sarah Tishkoff na wenzake, uliotolewa mwaka 2007, ulionyesha kwamba wafugaji wa Tanzania, Kenya na Sudani waliipata kudura ya kunywa maziwa ukubwani kwa njia yao wenyewe, mbali na ile ya Wazungu. Tena yuko jodari aliyepigwa na joto njiani kutoka pwani: uso huwiva, mwili huwasha, kila alama ikafanana na mzio; lakini huwapata wengi walioshiriki sinia moja, na sumu yake haiondoki kwa kupikwa. Hapo mkosaji ni joto na uzembe.

Hata kipimo cha kuchoma ngozi hushuhudia tu kwamba kingamwili iko, wala hakishuhudii kwamba mlaji atadhurika. Ushahidi ulio imara kuliko wote ni kulishwa kidogo kidogo mbele ya tabibu mwenye dawa za kuokoa mkononi, na bora zaidi ikiwa mgonjwa wala tabibu hawajui ni kipi kilichomo. Kwani hofu nayo huumiza tumbo.

Wanavyuoni wamesema kwamba asili ya vitu ni uhalali hata idhihirike dalili ya kuharimisha, na Mkristo wa Kilimanjaro atamkuta Paulo akiwaandikia Warumi kwamba hakuna kitu kilicho najisi kwa asili yake. Kumnyima mtoto mayai, maziwa na karanga kwa ajili ya kipele kimoja ni dhuluma isiyo na shahidi. Na utafiti wa Gideon Lack wa London, mwaka 2015, ulionyesha kwamba watoto wachanga walioelekea kupata mzio, walipolishwa karanga mapema, waliupata kwa uchache sana kuliko walioepushwa nazo.

Lakini penye pumzi iliyobana simfuati Ghazali hata hatua moja, kwani kuihifadhi nafsi hutangulia yakini: chakula na kiachwe kwanza, hoja zije baadaye. Aliyepata kuvimba midomo au kukosa pumzi baada ya kula asijijaribu tena nyumbani, bali aende hospitali, Mawenzi au KCMC za Moshi. Na aliyeumwa tumbo tu, kabla hajamlaumu mpishi, aandike alikula nini, kiasi gani, na saa ngapi.