Krismasi ya Waliobaki

Kila Disemba, nauli za mabasi ya kwenda Kisumu, Busia na Kakamega zinapopanda, na wenye uwezo wakafunga virago kuelekea kwa wazee wao, hubaki Kibera na Kawangware wale ambao ujira wa kibarua haukuwatosha, nao huona haya, kana kwamba baraka ya sikukuu haipatikani ila mashambani. Ada hiyo ya kurudi kwa wazee ni njema, nami naipenda. Walakini Injili ya Luka yasimulia kwamba Yusufu alisafiri hadi Bethlehemu, mji wa ukoo wake hasa, na huko huko akakosa nafasi, na waliokuja kumtazama mtoto walikuwa wachungaji waliokesha kazini, wala si jamaa. Basi, ewe uliyebaki, kanda chapati zako, umwite jirani, hata bawabu anayetoka zamu.