Motokaa Ichemshapo Njiani
Somo: Zaburi ya 32, mistari 1 hata 5



Kila tukaribiapo Meza ya Bwana twafundishwa kwamba mtu asiende kabla ya kuuhoji moyo wake. Ndivyo Mtume Paulo alivyowaagiza Wakorintho katika Waraka wa kwanza, mlango wa 11. Walakini wako wengi waulizao: Nitajihojije? Nianzie wapi? Ili kuwasaidia hao, na tuangalie jambo lijulikanalo na kila asafiriye, yaani gari lililochemsha.

Ndani ya mtambo wa motokaa kuna moto, na pasipo moto huo gari haliendi. Mafuta yateketeapo katika silinda, sehemu kubwa ya nguvu yake haigeuki kuwa mwendo, bali yawa joto tu. Na joto hilo lisipoondolewa, chuma chenyewe hupinda. Kwa hiyo mafundi wameweka maji yenye kuzunguka. Pampu huyasukuma kandokando ya silinda, nayo huchukua joto na kulipeleka kwenye rejeta iliyo mbele ya gari. Huko upepo na feni huyapoza, kisha hurudi. Katika njia yake pana mlango mdogo uitwao themostati, ambao hukaa umefungwa wakati mtambo ungali baridi, nao hufunguka maji yafikapo kadiri ya digrii 82 hata 95, kwa kufuata aina ya gari. Kifuniko cha rejeta nacho huyakandamiza maji, yasichemke hata yapitapo digrii 100.

Basi mwaona ya kuwa joto lenyewe lina kazi yake. Vivyo hivyo Mungu ametutia bidii, na uchungu tuuonapo uovu. Paulo akiwaandikia Waefeso hakukataza kila hasira. Alikataza ile iachiwayo njia ya dhambi, na ile ilazwayo moyoni jua likiisha kuchwa. Taabu yetu yaanza pale joto likosapo maji ya kulichukua.

Neno la kwanza: Saa ya joto isidharauliwe. Dereva apandaye kutoka Mombo kwenda Lushoto huona mshale ukipanda polepole kwenye kona za mlima. Mwenye busara husimama kando ya njia, huzima mtambo, akangoja. Mpumbavu husema, Nimekaribia, nitafika tu. Tena liko jambo la kutisha zaidi. Maji yakiisha kabisa, pengine mshale hurudi chini, kwa sababu kile kipimo hakigusi maji tena. Dereva hufurahi, kumbe mtambo wake waungua. Ndugu, dhamiri yako ilikuwa ikikuchoma ulipomsengenya mwenzako, au ulipogusa sadaka ya usharika. Nayo leo haikuchomi. Usikimbilie kusema umepona. Daudi alipoficha dhambi yake, nguvu zake zilikauka kama nchi wakati wa kiangazi, na mkono wa Mungu ulimlemea mchana na usiku. Uzito ule ulikuwa rehema, maana ulimzuia asiendelee na safari ya mauti.

Neno la pili: Kifuniko kisifunguliwe kwa pupa. Rejeta ikiwa ya moto, maji yaliyokandamizwa huruka pamoja na mvuke, na wako watu waliochomwa nyuso zao hivyo. Hungojwa nusu saa au zaidi, mpaka mkono uweze kutulia juu yake pasipo kuumia. Wala maji ya baridi yasimwagwe ghafula ndani ya mtambo uliokauka kwa moto, maana chuma chaweza kupasuka. Wazazi, mwalifahamu jambo hili katika kuwarudi watoto. Wainjilisti na wazee wa kanisa, mwalifahamu katika kumwonya ndugu. Bwana wetu, katika Mathayo mlango wa 18, aliagiza kwamba kwanza umwendee mwenzako ninyi wawili tu, faraghani. Amwendeaye hali amewaka, mbele ya watu, hupasua lililokuwa laweza kutengenezwa.

Neno la tatu: Chanzo kitafutwe kwa utaratibu. Asubuhi, mtambo umepoa, mwenye gari hufungua kifuniko akatazama maji. Yakiwa yamepungua, huuliza yamekwenda wapi: hutazama ardhi chini ya gari, na mipira ipelekayo maji, na pampu. Hutazama pia mpira wa kile kifuniko, kama umechakaa. Maana huko Lushoto, penye kimo cha mita 1400 hivi, maji yasiyokandamizwa huchemka yakiwa digrii 95 hivi. Maji yakiwa kamili, hujiuliza gari huchemsha wakati gani. Likichemsha limesimama au likienda polepole, naye aliona lapoa likienda mbio, hushuku feni au mkanda wake. Likichemsha katika mlima na mzigo, hutazama rejeta, isije ikawa imezibwa nje na matope na majani, au ndani na kutu. Mpira wa juu ukiwa wa moto sana na wa chini ukiwa baridi, hujua maji hayazunguki: pengine themostati imekwama, au rejeta imeziba.

Lakini pengine maji hupungua kila siku na ardhi ni kavu. Hapo huchomoa kijiti cha kupimia oili. Oili ikiwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa, au mvuke mweupe ukitoka nyuma ya gari pasipo kukoma hata mtambo ukiisha kupata joto, au mapovu yakipanda katika rejeta, basi yapasa kushuku ya kuwa gasketi ya juu ya silinda imeungua. Hapo kazi ya nyumbani imekwisha. Gari lisiendeshwe tena, fundi na aitwe.

Nawe jihoji hivyo hivyo. Usiseme tu, Mimi ni mwenye dhambi, ukapita. Moyo wangu huchemka lini? Ni wakati nisipopewa heshima barazani? Ni wakati mzigo wa ada za shule na ugonjwa unilemeapo, nami nimeacha kuomba? Au kanisani ni mpole, na nyumbani kwangu ni moto? Nabii Yeremia, katika mlango wa 2, aliwalaumu watu waliojichimbia visima vyenye nyufa. Tafuta ufa ulipo. Tena iko dhambi ivujayo ndani kwa ndani, ambayo hakuna aonaye tone lake. Kwa hiyo mwenye Zaburi ya 139 alimwomba Mungu mwenyewe amchunguze. Wala usione haya kumwendea mchungaji wako. Luther katika Katekisimo Ndogo alifundisha ya kwamba maungamo yana sehemu mbili: kuungama dhambi, na kupokea ondoleo kama litokalo kwa Mungu mwenyewe. Yeye aliyeitengeneza Kanisa hakuifuta njia hiyo. Aliihifadhi kwa ajili ya dhamiri zilizolemewa.

Neno la nne: Jihadharini na dawa za haraka. Wako mafundi ambao, gari likichemsha, huitoa themostati na kuitupa. Mshale hushuka, mwenye gari hushukuru. Lakini sasa mtambo haupati joto lake la haki, wala mafuta mengi, huchakaa kabla ya wakati. Na ile rejeta iliyoziba ingali imeziba.

Wazee wa kanisa, nawasihi mlisikilize neno hili. Yuko mume ampigaye mkewe Jumamosi usiku, na Jumapili hukaa kiti cha mbele. Mama yule ajapo kwetu akilia, mara nyingi huambiwa, Vumilia, mama, usiitie nyumba yako aibu. Akanyamaza, nasi tukasema kwamba nyumba ile imepata amani. Hiyo siyo amani. Tumeishusha saa ya joto, na ndani chuma chaungua. Yeremia, mlango wa 6, aliwakemea waliolitibu jeraha la watu juu juu, wakitangaza amani isiyokuwako. Mama huyo na apatiwe mahali pa salama, yeye na watoto wake. Mume na aonywe waziwazi, wala asiharakishwe Mezani kabla hajatubu. Na sheria ya nchi isizuiwe kufanya kazi yake. Tukimficha, hatumpendi yeye wala mkewe.

Mwisho, ndugu, kumbukeni ya kuwa hakuna motokaa ijitiliayo maji. Aweza mtu kuona kila ufa, akabaki mkavu. Kujihoji hakumwokoi mtu; humwonyesha kiu yake. Mwanamke Msamaria alikuja na mtungi mtupu, na Bwana Yesu hakumtuma kwanza akajijaze. Alimwambia habari za maji yaliyo hai, kisha akamwambia na habari za waume zake. Na Daudi aliponena tu dhambi yake, alisamehewa. Ndiyo maana zaburi ile, ijapokuwa ina kuugua ndani yake, yaanza kwa kumwita heri mtu aliyefunikwa dhambi zake. Sisi tulipozifunika zilituunguza; Mungu alipozifunika kwa damu ya Mwanawe, zimekwisha.

Basi juma hili, kabla ya kuja Mezani, keti mahali pa utulivu, moyo umepoa. Fungua, tazama, taja jina la ufa wako. Na yule uliyemchoma kwa moto wako, mwendee kabla jua halijachwa.

Tuombe: Ee Bwana, utuchunguze, utuonyeshe tulipokauka. Uwalinde wanaoumizwa katika nyumba zetu, uwavunje moyo wanaoumiza, wapate kutubu. Utujaze tena maji ya uzima, kwa ajili ya Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.